Chumvi Niliyomchujia Mke Wangu

Ugonjwa wa mke wangu ulianza kwa ugomvi wa viatu. Ilikuwa Jumapili, tumechelewa misa, naye amekaa ukingoni mwa kitanda akisukuma mguu ndani ya kiatu cheusi alichokivaa miaka mitatu bila shida. Kiatu kikakataa katakata. Nikamwambia kosa ni lake, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kuanika viatu juani baada ya kuviosha, na ngozi ikichomwa na jua hujikunja. Nililisema hilo kwa sauti ya mtu anayejua. Nilikuwa mtu wa kujua kila kitu, wanangu ni mashahidi. Akaenda kanisani na kandambili, akitangulia mbele yangu njia nzima.

Wiki zilizofuata uso wake nao ukawa unavimba asubuhi, hasa chini ya macho, na kufika saa sita mchana umerudi kuwa uso niliouzoea. Nikasema ni usingizi. Akaniambia, kwa aibu, kwamba mkojo wake una povu lisilotaka kuisha. Nikasema ni dawa ya minyoo aliyokunywa. Kila dalili ilipata jibu kwangu, na hakuna hata jibu moja lililokuwa la kweli.

Siku zile nilikuwa na muda mwingi wa kutoa majibu. Karibu miaka ishirini nilikuwa kapita, msimamizi wa ukumbi wa vichujio katika kiwanda cha shaba hapo Likasi. Sasa mashine zilikuwa zikisimama moja moja, na sisi wengi tulipewa kile walichokiita congé technique, yaani likizo isiyo na mshahara wala tarehe ya kurudi. Nilikaa nyumbani. Mlango mmoja niliutengeneza mara tatu. Mke wangu ndiye aliyetulisha: alilima mahindi na maharage nje ya mji, na asubuhi alikaanga vitumbua akauza mbele ya nyumba. Mgonjwa alikuwa akimlisha mzima, na mzima amekaa kwenye kiti anatoa hukumu juu ya viatu.

Mwishowe alikwenda hospitali peke yake, bila kuniaga. Daktari aliyempokea alimpima presha, akachemsha mkojo wake kwenye kijichupa cha kioo, na mkojo ukaganda mweupe kama ute wa yai. Akamwambia arudi baada ya wiki mbili ili amweleze vizuri. Wiki mbili zilipopita, daktari hakuwepo. Alikuwa amezaliwa hapa hapa Likasi, lakini baba yake alitoka Kasai, na mwaka ule hilo lilitosha kumfukuza mtu kazini na nyumbani kwake. Alikuwa stesheni pamoja na mkewe na watoto, katika umati wa watu wa asili ya Kasai waliofukuzwa, waliolala chini wakingoja treni ya kuwapeleka huko.

Mimi stesheni sikuwa nimefika tangu mambo yale yaanze. Nilipita njia nyingine. Miongoni mwa watu waliokaa pale kulikuwa na wanaume niliofanya nao kazi, waliobatiza watoto siku moja na mimi, na sikujua nitawatazama vipi. Naona haya kulisema, lakini nalisema: siku niliyokwenda, nilikwenda kwa kuwa mimi nilikuwa na shida, si kwa kuwa wao walikuwa na shida. Mke wangu alibeba beseni la vitumbua kwa ajili ya watoto wa daktari. Mimi nilikwenda mikono mitupu.

Tulimkuta ameketi juu ya sanduku la bati, ndevu zimeota, shati lake bado limefungwa vifungo vyote. Hakutuuliza tumefuata nini. Alifungua mkoba, akatoa kipimo cha presha, akamfunga mke wangu mkononi pale pale, watu wakituzunguka. Kisha akambonyeza mfupa wa mguu kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Tulilitazama sote watatu likikaa pale bila kujaa.

"Kapita," aliniuliza kwa Kiswahili chetu cha Likasi, akitaka kujua nilikuwa sehemu gani ya kiwanda, "kule usine ulikuwa unatumika fasi gani?"

"Ku filtre, docteur," nikasema, yaani kwenye vichujio.

"Basi utanisikia mbio. Figo ya mama njo filtre. Iko na filtre mingi sana ndani, kiloko kiloko, macho haiwezi kuziona. Zingine zilishakufa."

"Na zile zilikufa, tunazitengeneza namna gani?"

"Ile ilikufa ilikufa, kapita. Tunachunga zile zinabakia."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi, na hapo ndipo niliogopa kwa mara ya kwanza. Katika ukumbi wetu palikuwa na safu ya mapipa makubwa yaliyovikwa vitambaa. Pampu inanyonya, maji yanapita, tope linabaki nje. Kichujio kimoja kikifa, wakubwa hawasimamishi kazi. Wanakwambia uongeze nguvu ya pampu kwenye vilivyobaki. Cha pili na cha tatu vikifa, unaongeza tena. Jioni unaandika ripoti, na ripoti inasema kiwanda kimetoa kile kile kilichotoa jana. Bosi anafurahi. Lakini sisi tuliosimama pale tulijua kwamba vile vilivyobaki vinafanya kazi ya vilivyokufa, na vitambaa vyake vinachanika upesi kuliko vya mwanzo. Siku ripoti inapoonyesha upungufu, unakuta umebaki na vichujio vitatu.

Nilimweleza daktari hivyo.

"Njo vile vile," akasema. "Juu ya ile mama hakusikia kintu miaka yote. Muntu anapoteza nusu, anatembea, analima, anabeba mimba. Siku anaanza kusikia mubaya, inabakia kiloko."

Mke wangu alikuwa akisikiliza huku ameshikilia beseni tupu magotini. "Kumbe minye njo usine," akasema, yaani kumbe yeye ndiye kiwanda. "Basi muniweke na minye congé technique." Mke wa daktari alicheka, akaficha uso kwa kitenge, na nadhani hakuwa akicheka tena. Kisha mke wangu akauliza lile ambalo mimi nisingeliuliza: "Docteur, minye iko na siku ngapi?"

"Sijue, mama. Ukichunga tension, miaka. Usipochunga, mbio. Chumvi, hapana. Hata kiloko. Chumvi inakamata mayi, mayi inapandisha tension, na tension njo inapasua filtre." Akamwandikia jina la dawa kwenye kipande cha karatasi. Alitaka kuongeza mambo ya chakula, lakini mtu alipiga kelele kwamba mabehewa yanasogezwa, watu wote wakasimama na mizigo yao, na yeye akaenda kutafuta mtoto wake mmoja. Siku chache baadaye treni iliwachukua. Sikupata kujua kama walifika.

Tulirudi nyumbani na neno moja: bila chumvi. Mimi nililishika kama sheria ya kiwanda. Nilificha mfuko wa chumvi, nikasimama mlangoni mwa jiko kila mchana kama askari. Mke wangu alikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo bila chumvi siku tatu, siku ya nne akasema anatafuna majani kama mbuzi wa jirani. Siku ya kumi alikula tonge mbili akasukuma sahani. Alikonda mabega huku miguu imevimba. Siku moja nilimfuma nyuma ya nyumba anaramba samaki mkavu wa ziwa Tshangalele, wale wanaokaushwa na chumvi tele, anamramba tu bila kumla, macho amefumba. Nilimpokonya samaki. Nilimfokea kwa maneno niliyozoea kuwafokea vibarua walioacha pampu wazi. Akaenda kunawa mikono. Nikabaki nimesimama na samaki wangu, mjinga mkubwa.

Wazo lilinijia wiki ile ile. Mama yangu mzazi alitoka vijiji vya ziwani, na zamani, chumvi ya dukani ilipokosekana, wanawake wa kule walitengeneza ya kwao kutokana na majivu. Walikata majani yaotayo matopeni kandoni mwa maji, wakayakausha, wakayachoma, wakaweka majivu kwenye chungu chenye matundu chini, wakamimina maji taratibu. Yale maji yaliyodondoka waliyachemsha mpaka yakauke, na chini ya sufuria ikabaki chumvi ya kijivujivu. Nikajiambia: daktari amekataza chumvi ya dukani. Hii ni ya majani. Majani yatamdhuru nani?

Nilikwenda ziwani kwa baiskeli, nikalala kwa binamu zangu, nikarudi na magunia mawili ya majani makavu. Niliyachoma uani, nikaongeza magunzi ya mahindi na maganda ya maharage yetu. Na kwenye kuchuja, hapo ndipo nilipojitapa. Mama alitumia nyasi chini ya chungu, na majivu yalipita. Mimi nilikuwa na kipande cha kitambaa cha kuchujia, kile kile cha kiwandani, nilichopewa siku ya mwisho ya kazi badala ya mkono wa kwaheri. Nikakifunga juu ya ndoo, nikakaza kwa waya, nikamimina maji kwa kikombe kidogo kidogo, kwa mwendo ninaoujua. Maji yalitoka rangi ya chai hafifu, safi, bila hata chembe moja. Nilichemsha, nikachuja tena, nikachemsha. Chumvi yangu ilikuwa nyeupe kuliko ya mama yangu na ya mama yake.

Ilikuwa na ukali kwenye ncha ya ulimi na uchungu kidogo nyuma. Nilimtilia mke wangu kwenye sombe bila kumwambia. Akaonja, akaacha kutafuna, akanitazama. Kisha akala bukari yote, akafuta sahani. Nilikaa mbele yake nikimtazama anavyokula, na nasema kweli, siku ya harusi yetu sikufurahi vile.

Basi nikapata kazi. Asubuhi niliamka mapema kuliko yeye, nikawasha moto, nikapanga ndoo zangu kwa safu. Majirani walikuja kuuliza, nikawaeleza kwa kirefu, na wengine wakaanza kuniita kapita tena, jina ambalo lilikuwa limeanza kusahaulika mtaani. Uvimbe wa mke wangu ulipungua. Nilimpeleka kupimwa presha kwa muuguzi mmoja mtaani kwetu, na presha nayo ilikuwa imeshuka. Nikaona nimemaliza. Nilijisemea kwamba daktari alijua ugonjwa, lakini mimi ndiye niliyejua vichujio.

Mwezi wa pili wa chumvi yangu ulipokaribia kwisha alianza kulalamika kwamba miguu imekuwa mizito, anaiburuta kama magunia yaliyolowa. Akasema moyo wake unaruka: unapiga, unanyamaza, unapiga tena kwa nguvu kana kwamba umeshtuka. Nikamwambia ni kazi ya shambani. Nikamwongezea chumvi kidogo, apate nguvu.

Aliangukia shambani, katikati ya matuta ya maharage, asubuhi jua likiwa halijakali. Wanawake waliokuwa naye walimbeba mpaka barabarani. Walituma mtoto kuniita, nikamkalisha kwenye baiskeli, nikamsukuma hadi zahanati ya masera mmoja mzee, mtawa muuguzi aliyekaa nchini kwetu tangu ujana wake. Kichwa cha mke wangu kilinilalia kifuani njia nzima. Alikuwa macho, lakini alisema mikono haimsikii.

Masera alimshika mkono kwenye mshipa, akahesabu kwa saa yake. Kisha akaniuliza anakula nini. Nilikuwa na jibu tayari, na zaidi ya jibu nilikuwa na kichupa mfukoni, kwa kuwa siku zile nilitembea nacho nikikusudia kumzawadia. Nikamweleza yote: ziwa, majani, magunzi, kitambaa cha kiwandani, kuchuja mara mbili. Nilieleza vizuri, hata mikono yangu ikaonyesha namna ya kumimina. Mke wangu amelala kwenye kitanda cha chuma hatua mbili kutoka kwangu, na mimi najisifu.

Masera alichovya kidole, akaonja, akatema kwenye kitambaa chake cha mkononi.

"Papa," akasema, "weye ulipika potasse."

Neno lile nililijua: ni potasiamu ya majivu. Nilifanya kazi miaka yote ile kati ya asidi na chokaa na soda. Niliwafundisha vijana ni kitu gani hakichanganywi na kitu gani. Ningeletewa ndoo ya maji ya majivu pale kiwandani, ningesema mara moja ndani kuna nini. Lakini nyumbani sikujiuliza hata mara moja, kwa sababu nyumbani nilikuwa nikitafuta sifa.

Masera alinieleza huku akivuta dawa kwenye bomba la sindano. Alisema kila chakula kina potasse, maharage, ndizi, majani mabichi, na mtu mzima anaitoa kwenye mkojo bila kujua. Figo zilizochoka haziitoi. Inabaki kwenye damu, siku baada ya siku, mpaka inaufikia moyo na kuusimamisha. "Na weye ulikuwa unamupa kwa kijiko," akasema. Hakunifokea. Angenifokea ningeshukuru. Alimchoma sindano ile mshipani polepole sana, akihesabu kwa midomo, na mkono wake mwingine haukuachia mshipa wa mke wangu. Tulikaa hivyo mpaka jua lilipoinama. Jioni masera aliachia mkono, akasema tutafute uji wa mahindi, mwembamba, bila kitu chochote ndani.

Alipotoka nilipiga magoti kando ya kitanda. "Mama," nikamwambia, "minye njo nilikuwa nakuua."

"Nilijua," akasema.

Nilidhani homa inasema. Akaendelea, kwa sauti ndogo lakini iliyonyooka. "Toka juma ya pili, nikila tu, vidole na mudomo inafanya sawa vile kintu inatembea ndani. Siku nilikula kwa mutoto wetu, kule Kambove, haikufanya. Nikarudia hapa, ikaanza tena. Nikajua ni ile chumvi."

"Na juu ya nini haukusema?"

"Ulikuwa unafurahi, papa. Toka basimamishe kazi sikukuona vile. Ulikuwa unaamuka mbele yangu, unapiga muluzi kule inje. Nilisema basi, muache kwanza."

Sikujua kwamba nilikuwa nikipiga mluzi. Ningependa kuandika kwamba nilimbusu mkono. Ukweli ni kwamba nilikasirika. Nilimkasirikia mgonjwa kitandani, nikamwambia yeye ni mpumbavu, nikamwambia mluzi si kitu cha kufia. Alinitazama bila kukasirika, akasema amechoka, akageukia ukutani. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ya zahanati. Nililia, lakini hasira ilikuwa bado ipo, na ilikaa nami muda mrefu.

Masera alitupa sheria mpya. Chumvi ya aina yoyote, hapana. Maharage, hapana. Sombe na mchicha wa lengalenga vichemshwe, maji yamwagwe, vichemshwe tena katika maji mengine. Nyama na samaki kidogo sana. Dawa ya presha kila siku, ikipatikana. Kazi ya kuchemsha na kumwaga niliichukua mimi, na safari hii hakuna jirani aliyekuja kunitazama. Niliamua pia kwamba jikoni kutakuwa na sufuria moja tu, na kilicho ndani yake tutakila wote wawili. Alinikataza, akasema nitakuwa mwembamba nitamwaibisha. Nilikula. Mwezi wa kwanza kila tonge lilikuwa kazi, baadaye nikazoea, au nilijiambia nimezoea.

Hivyo alipata miaka miwili na miezi kadhaa. Masera alisema ni zaidi ya alivyotegemea. Katika miaka hiyo niliujua ugonjwa ule kama nilivyoujua ukumbi wangu. Hauendi kwa mwendo mmoja. Miezi mitano unakaa pale pale, mtu anauza vitumbua vyake, anagombana na wateja, unadhani ugonjwa umesahau njia ya nyumbani kwenu. Halafu inakuja homa ya malaria, au wiki mbili za kukosa dawa ya presha, na akiinuka kitandani hainukii pale alipokuwa. Anainukia ngazi moja chini. Ngazi ile hairudishwi.

Viganja vyake vilipauka. Nikadhani ni chakula chetu, lakini masera akasema figo ndizo zinazoagiza mwili utengeneze damu, na sasa hazina nguvu ya kuagiza. Ngozi ikaanza kumwasha bila upele, alijikuna mgongo kwenye fremu ya ule mlango nilioutengeneza mara tatu. Nyama ikamnukia vibaya. Alisema mdomoni ana ladha ya sarafu. Kisha mkojo ukawa mwingi na mweupe kama maji ya bomba, na mama mmoja jirani akaja kutupongeza, akasema sasa figo zimeoshwa, tumshukuru Mungu. Mke wangu alimshukuru, akamfungia vitumbua vitatu. Jirani alipoondoka akanigeukia.

"Nielezee ile," akasema.

Alitaka kuelezwa kila kitu. Watu wengine wa kwetu humficha mgonjwa ugonjwa wake, na ndugu za mke wangu walinilaumu kwa kumweleza, lakini yeye hakuvumilia kufichwa. Nikamwambia kwamba maji yanapita, uchafu unabaki. Kwamba figo hazina tena nguvu ya kuukusanya uchafu na kuutupa, zinaachia maji tu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia bei sokoni.

"Sasa inabakia filtre ngapi?"

"Nane," nikasema. Sikujua. Mtu yeyote asingejua. Baada ya miezi mitatu aliuliza tena, nikasema sita. Kila mara niliongeza moja au mbili juu ya zile nilizodhani zimebaki, kama tulivyokuwa tukiongeza kwenye ripoti za jioni. Mara ya mwisho nilisema nne, naye akacheka mpaka akakohoa. "Weye ulikuwa kapita wa bongo," akasema. Muongo, maana yake. Nikakubali.

Kulikuwa na mashine za kusafisha damu, masera alituambia, lakini ziko mbali, Afrika Kusini na Ulaya, na mtu hufungwa kwenye mashine mara kwa mara maisha yake yote. Mke wangu aliuliza kama mashine hiyo inahitaji umeme. Masera akasema ndiyo. Tulikuwa wiki ya tatu bila umeme mtaani. Hatukulizungumza tena.

Mwisho wake haukuwa na kelele. Usingizi ulimzidi, alilala katikati ya sentensi, akaamka akamalizia sentensi nyingine. Pumzi yake ilinuka kama mkojo uliokaa, na kwikwi ilimshika siku nzima. Binti yetu aliyeolewa Kambove alikuja kumuuguza. Asubuhi moja, tulipokuwa tukimgeuza ili tubadili shuka, alimshika binti yake kwenye kifundo cha mkono, akashusha pumzi ndefu, na nyingine haikuja.

Siku mbili za msiba sikula. Sikuwa nimegoma, njaa haikuja tu. Siku ya tatu, tukiwa tumetoka kuzika, kina mama wa parokia walipika uani kwenye sufuria kubwa za kukodi. Binti yangu aliniwekea sahani magotini: bukari, sombe iliyotiwa mawese, kipande cha samaki. Akaniambia nile, hata kiloko. Wanaume walikuwa wameketi pande zote wakizungumza mambo ya mji.

Nilikata tonge, nikachovya, nikatia mdomoni. Ilikuwa na chumvi. Hakuna aliyekumbuka kuniondolea, na kwa nini wangekumbuka? Taya ziliniuma, mate yalijaa mdomo mpaka nikalazimika kumeza haraka. Nikakata tonge la pili. Nilikula kama mtu aliyetoka gerezani, nikavunja samaki kwa vidole, nikaramba vidole mbele za watu. Sahani ikawa tupu.

Nilimwinulia binti yangu sahani, nikamwomba aniongezee. Hapo ndipo nilipolia. Mmoja wa wanaume akaniwekea mkono begani, akasema nimlilie tu, mama alikuwa mtu mwema. Sikumwambia kwamba nilikuwa nalia kwa sababu chakula kilikuwa kitamu, na kwa sababu nilikuwa bado na njaa.